Buluu Inayochoka Mapema
Ukinunua simu iliyotumika yenye kioo cha OLED hapa Gitothua, mwambie fundi aiwashe na kuweka picha nyeupe tupu. Ukiona alama za vitufe vya zamani zimeganda, au weupe umeelekea manjano, kioo kimeanza kufa, na kinachotangulia kufa ni buluu.

Vioo vya OLED, vilivyotokana na kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987, hung'aa kwa molekuli zenye kaboni zinazopitishiwa umeme. Mwanga wa buluu una nishati kubwa, karibu ya kutosha kuvunja molekuli yenyewe inayoutoa. Nyekundu na kijani zilipata nafuu kwa molekuli zenye madini ya iridiamu. Buluu ya aina hiyo huharibika upesi. Mwaka 2012, Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha molekuli zinazong'aa vizuri bila madini hayo adimu. Kazi kubwa hiyo, ila kudumu kwa buluu bado ni kitendawili.

Watengenezaji hutuimbia mng'ao. Watuambie pia buluu yao itadumu saa ngapi, kwa sababu mnunuzi wa pili ndiye anayelipia kioo kipya, na bei yake mara nyingi hukaribia ya simu nzima.