Wiki ya Likizo Nyumbani

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia viumbe wake usiku wapate kutulia na mchana wapate kutafuta riziki. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Mazungumzo yetu ya Ijumaa hii yanahusu jambo ambalo si aghalabu kutajwa juu ya mimbari, nalo ni likizo. Livu, kama wasemavyo wengi. Wala hatukusudii likizo ya kusafiri kwenda kuwaona wazee mashamba, wala safari ya Umra. Twakusudia ile wiki moja ambayo mfanyakazi, awe karani au mwalimu, muuguzi au dereva, huiomba kazini, akaipata, kisha akaazimia kukaa nyumbani kwake kwa raha, bila ya safari na bila ya shughuli.

Kijana mmoja aliyeajiriwa mwaka wake wa kwanza alitujia na swali. Alikuwa amepewa siku zake, naye hana pa kwenda wala fedha za kwendea. Akauliza: je, kukaa wiki nzima nyumbani, nikilala mchana na kuamka nipendapo, si kuupoteza umri ambao nitaulizwa juu yake Siku ya Kiyama? Swali hili ni zuri, na mwenye kuliuliza ana khofu ya Mungu. Yafaa lijibiwe kwa mapana yake.

Kwanza kabisa, kuchoka si aibu. Kuchoka ni alama ya kiumbe. Katika Ayatul Kursiyyu, ambayo wengi wetu huisoma kila baada ya sala, Mwenyezi Mungu amejisifu kuwa hashikwi na kusinzia wala kulala. Na katika Sura Qaf ametujulisha kwamba aliziumba mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake katika siku sita, wala uchovu haukumgusa. Basi asiyechoka ni Yeye peke yake. Mja anayejifanya hachoki, akaona fahari kwamba miaka kumi hajapata kuchukua likizo hata siku moja, na aangalie asije akajivika sifa isiyokuwa yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, sisi Waislamu hatuna siku ya juma ambayo ni haramu kufanya kazi. Hata Ijumaa yenyewe, Sura ya Jumua imetuamrisha tuache biashara wakati wa mwito wa sala, na sala ikiisha tukaruhusiwa kutawanyika katika ardhi kutafuta fadhila za Mola wetu. Mapumziko katika dini yetu hayakuwekewa siku maalumu, yamewekewa haja. Mwili ukihitaji, una haki yake.

Na neno hili, haki, hatulitumii kwa kupamba maneno. Limo katika kisa mashuhuri alichokipokea Imamu Bukhari. Mtume, s.a.w., aliwaunganisha kwa udugu Salman Mfursi na Abud-Dardai. Siku moja Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe, Ummud-Dardai, amevaa nguo za kazi zilizochakaa, hakujitengeneza. Akamwuliza ana nini. Bibi yule akajibu kwa adabu kwamba nduguyo Abud-Dardai hana haja na mambo ya dunia. Abud-Dardai alipofika akamwandalia mgeni chakula, lakini yeye mwenyewe amefunga. Salman akasema hali mpaka wale pamoja, na Abud-Dardai akafungua akala. Usiku ukaingia, Abud-Dardai akainuka kusali. Salman akamwambia alale. Akalala, kisha akataka kuinuka tena, akamwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku Salman akamwamsha, wakasali wote wawili. Ndipo akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumba yake wana haki juu yake, basi kila mwenye haki ampe haki yake. Habari zilipomfikia Mtume, s.a.w., akasema Salman amesema kweli.

Tazameni jinsi jambo lilivyoanza. Halikuanza kwa mwanazuoni kuchungua kitabu. Lilianza kwa mgeni kuona nguo ya mke wa mtu. Kilichomshughulisha Abud-Dardai kilikuwa ibada, nayo haikumpa udhuru wa kuwasahau watu wake. Basi itakuwaje kwa yule ambaye kinachomshughulisha ni saa za ziada na baraza ya bao?

Ama kuhusu usingizi wenyewe, kijana wetu asiwe na wasiwasi. Muadh bin Jabal aliulizwa na mwenziwe Abu Musa huko Yemen jinsi anavyoisoma Qur'ani, akaeleza kwamba hulala mwanzo wa usiku, kisha huinuka akasoma alichoandikiwa na Mungu, naye hutaraji thawabu za usingizi wake kama anavyotaraji thawabu za kusimama kwake. Mwenye kulala ili apate nguvu, usingizi wake umo katika hesabu yake njema. Na Masahaba walikuwa na kailula, usingizi mfupi wa adhuhuri; siku ya Ijumaa walikuwa wakiichelewesha mpaka baada ya sala. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili, wakifunga maduka mchana jua linapokuwa kali. Ofisi za siku hizi zimetunyang'anya kailula. Wiki ya likizo ni nafasi ya kuirudia.

Tukumbuke pia kwamba wiki hii haikupatikana bure. Kwa muda mrefu mfanyakazi katika nchi nyingi hakuwa na siku ya mapumziko yenye mshahara. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kwanza wa likizo yenye malipo, nao ulimpa mfanyakazi siku sita tu za kazi kwa mwaka; mwaka 1970 mkataba mwingine ukazifikisha wiki tatu. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo katika mwaka wake wa likizo, na ya Kenya ya mwaka 2007 haipungui siku 21 za kazi. Hii ni sehemu ya ujira wenu. Kuichukua si kumwibia mwajiri, na kuisubiri mpaka mwili uvunjike si uaminifu.

Sasa tunafika penye uzito wa maneno yetu, na tunawaomba wanaume wasikilize zaidi.

Bibi mmoja, mama wa watoto wanne, alikuja katika darsa la wanawake akasema: "Maalim, mume wangu yupo likizo wiki hii, nami nimeanza kazi ya pili." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba siku za kazi mume huondoka alfajiri na kurudi magharibi, na yeye huipanga siku yake apendavyo. Sasa mume yupo. Chai ya asubuhi inatakiwa mara mbili, kwani saa moja hakuamka. Saa nne anataka kitu cha kutafuna. Adhuhuri wanakuja wenziwe, na wali lazima upikwe, na samaki apatikane. Alasiri kahawa na tende barazani. Usiku anakaa mbele ya televisheni akiita aletewe maji, ilhali mtungi uko hatua tano nyuma yake. Wiki ikiisha atarudi kazini akiwaambia wenzake amepumzika vizuri. Nani aliyelipa gharama ya mapumziko hayo?

Hatulaumu kupenda kukaa na rafiki wala kula chakula kizuri. Tunalouliza ni hili: ikiwa raha ya mmoja katika nyumba imejengwa juu ya uchovu wa mwingine, wapi ile haki ya watu wa nyumba aliyoitaja Salman?

Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani. Huenda muulizaji alitaraji kusikia habari za nyiradi na tahajudi. Bibi Aisha akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Katika riwaya nyingine ameeleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Huyu ndiye mbora wa viumbe, tena mkuu wa dola na hakimu, mwenye wajumbe wakimsubiri mlangoni. Viatu vikikatika hakupaza sauti kuita mtu.

Mwenye likizo, basi, na atazame nyumba yake. Bawaba ya mlango imelegea tangu Ramadhani. Bomba la maji linadondoka. Chandarua cha watoto kina tundu. Kazi ya namna hii, afanyayo mtu taratibu bila ya msimamizi, nayo ni raha. Wako wanaopumzika kwa nyundo na misumari kuliko kwa mto na godoro. Na ashike siku moja ya jikoni, mkewe alale kailula yake bila ya kuitwa. Akiunguza wali, watoto watacheka, na hakuna aliyekufa kwa wali wa kuungua.

Asimsahau mtumishi. Mtume, s.a.w., alimfundisha Abu Dharr kwamba hao ni ndugu zetu waliowekwa chini ya mikono yetu, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Katika nyumba nyingi za miji yetu yupo msichana aliyeletwa kutoka mbali, anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Sheria za kazi tulizozitaja hazikumwacha nje, naye ni mfanyakazi kama bwana wake. Bwana amepata wiki yake. Msichana huyu yake ataipata lini? Wapo wenye elimu na ibada ambao swali hili halijapata kuwapitia akilini.

Ama watoto, hao hawahitaji mengi. Mtume, s.a.w., alisali akiwa amembeba Umama, binti wa bintiye Zainab, akienda sijida humweka chini, akisimama humbeba. Na Akra bin Habis alipomwona akimbusu mjukuu wake Hasan, akajisifu kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, akajibiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Baba anayeondoka watoto wamelala na kurudi wamelala amekuwa kwao kama mpangaji. Katika wiki hii na awapeleke chuoni kwa miguu, amsikilize mkubwa akisoma juzuu yake, na ajue jina la mwalimu wao. Jioni wakitaka kucheza naye, acheze. Bwana Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha, na heshima yake haikupungua.

Adui mkubwa wa wiki hii ni usiku. Mtume, s.a.w., alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Mtu asiye na kazi asubuhi hukesha na simu yake mkononi, akiingia katika habari za watu asiowajua mpaka saa nane za usiku. Alfajiri inampita, anaamka saa nne kichwa kizito, na siku ya saba amechoka kuliko siku ya kwanza. Huko si kupumzika. Na ajabu ni kwamba msikiti wa mtaa, ambao siku za kazi alikuwa na udhuru wa kuukosa, sasa anaukosa akiwa hatua chache tu nao. Sala za sunna azisali nyumbani, kwani tumekatazwa kuzifanya nyumba zetu kuwa makaburi. Lakini za faradhi imamu na amwone safu ya kwanza.

Wengine hujitetea kwa kisa cha Handhala, aliyejiogopea unafiki kwa kuwa mbele ya Mtume moyo wake hulainika, na akirudi kwa mke na watoto husahau mengi, akaambiwa kwamba ni saa na saa. Wakaifasiri kuwa saa moja ni ya Mungu na saa nyingine ya kufanya utakalo. Handhala hakuwa akilalamika kwamba ameacha sala wala amekwenda pabaya. Alilalamika kwamba amecheka na wanawe. Saa yake ya pili ilikuwa halali tangu mwanzo.

Limebaki swali moja, nalo huletwa kwa sauti ya chini. Mfanyakazi amemaliza siku zake za likizo, amechoka, akaenda kutafuta karatasi ya daktari kwamba ni mgonjwa, ilhali ni mzima, ili apate kupumzika nyumbani. Hukumu yake ni wazi. Huo ni uongo, na daktari aliyeandika naye ameshuhudia uongo, na mshahara wa siku hizo si wake. Toba yake haitimii kwa istighfari peke yake, kwani hii ni haki ya mtu. Na amwendee mwajiri wake azikatwe siku hizo. Akichelea fitina, azifidie kwa kazi ya kadiri ile ile, saa kwa saa, bila ya kudai malipo, mpaka azimalize.