Barua Ifike Kabla ya Lami



Katika miji mingi ya Marekani, lami mpya au bomba la majitaka huwa na mlipaji wake: mwenye kiwanja kinachopakana na kazi hiyo. Asipolipa kwa mkupuo, deni huunganishwa na kodi ya majengo kwa awamu, na riba juu yake. Deni hilo linaing'ang'ania nyumba yenyewe. Hivyo swali la nani aliarifiwa, na lini, limefika hadi Mahakama ya Juu.

Kesi ninayoipenda ni ya Denver. Miongoni mwa wadai alikuwamo Wolfe Londoner, aliyewahi kuwa meya wa jiji hilohilo. Jiji liliweka lami, likatangaza mgawo wa gharama, likawaambia wenye viwanja waandike malalamiko. Wakaandika. Madiwani wakapitisha tozo bila kuwaita. Mwaka 1908 Mahakama iliamua kuwa kupokea karatasi si kusikiliza. Mtu apewe nafasi ya kusimama na kujieleza, hata kwa ufupi, na kuleta ushahidi wake ikibidi.

Sasa tazameni Minnesota, walikohamia Wakenya wengi. Sheria yake, sura ya 429, inataka wahusika watumiwe barua angalau siku 10 kabla ya mkutano wa kujadili mradi, kisha nyingine wiki mbili kabla ya mkutano wa kupitisha tozo. Vizuri. Lakini ukienda ukazungumza hadi koo likakauka, bila kuwasilisha pingamizi la maandishi lenye sahihi yako kabla mkutano haujaisha, kwa kawaida mlango wa rufaa unafungwa. Denver karatasi pekee haikutosha. Huku mdomo pekee hautoshi! Sisi tuliolelewa kwenye mikutano ya mtaa, ambako aliyesema amesema, tunanaswa hapo.

California, tangu 1996, karatasi ya kura imo ndani ya bahasha, siku 45 kabla ya mkutano. Tozo huanguka uzito wa kura za kupinga ukizidi wa kukubali. Uzito wenyewe ni kiasi ambacho kila mmoja atatozwa, kwa hiyo mwenye maduka anaweza kuwafunika majirani kumi. Hilo silipendi, ila bahasha naipenda.

Pendekezo langu ni dogo: mstari wa kwanza wa barua useme kiasi, wa pili tarehe, wa tatu namna ya kupinga. Maelezo ya wahandisi yafuate.

Na bahasha ikirudi? Arkansas iliwahi kuuza nyumba kwa deni la kodi ilhali barua za rejista kwa mwenyewe zilirudi bila kuchukuliwa. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilisema serikali iliyojua hivyo ilipaswa kufanya jambo zaidi, ikataja hata kubandika tangazo mlangoni. Gundi na karatasi, basi.