Pikipiki Ikigoma, Usimlaumu Fundi Kwanza
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana tena)



Nimeombwa niseme juu ya elimu na kazi. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni majalada. Lakini leo nitasema juu ya pikipiki yangu, maana imenifundisha zaidi ya majalada.

Ilianza kuzima njiani. Ikienda kilomita tano au sita, inakohoa, inazima. Nikisimama kidogo na kuikagua, inawaka. Jioni moja nyumbani nilibadili plagi na koili, nikasafisha na kabureta, vyote kwa mara moja. Asubuhi ikazima tena. Kwa hasira nikaenda kwa fundi aliyeniuzia vifaa, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Fundi huyo tuliketi dawati moja katika shule hii. Aliondoka kidato cha pili kwa kukosa ada. Hakunijibu neno.

Usiku sikulala. Nikakumbuka tulivyofundishwa: injini ya petroli inataka mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo. Nikaamua kupima kimoja kimoja, nikianza na kisichogharimu kitu.

Kulipokucha, injini ikiwa ya baridi, nje uani na mbali na moto, nilichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikauelekeza kwenye dumu, nikafungua koki. Mafuta yakaja kwa nguvu, kisha yakadondoka, kisha yakakoma, na tangi lilikuwa nusu! Nikafungua mfuniko wa tangi. Yakaja tena.

Mfuniko ule una tundu dogo la hewa. Mafuta yakitoka, sharti hewa iingie mahali pake. Isipoingia, mafuta hayashuki. Na kila nilipokwama njiani nilikuwa nafungua mfuniko kutazama mafuta, hewa ikaingia, nami nikidhani injini imepona kwa kupumzika. Nani aliziba tundu? Mimi mwenyewe, nilipopaka tangi rangi mpya. Sindano moja ilimaliza kazi.

Siku hiyo hiyo nilirudi kwa fundi, nikamwomba radhi mbele ya wateja. Hawakuwa wale wa jana, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Yeye alisema tu: "Ungeniambia umepaka rangi, ningekuuliza habari za mfuniko."

Wadogo zangu, anzeni na kilicho rahisi. Badilini kitu kimoja, mjaribu, ndipo mshike cha pili. Ukibadili vitatu pamoja, hata ikipona hujui kilichoiponya. Na kabla ya kumtuhumu mtu, jiulize: mara ya mwisho mimi mwenyewe niligusa nini? Hata ofisini, jalada likipotea, mimi sasa huanza kutafuta juu ya meza yangu.