Baridi ya Julai, mtungi wa gesi na kazi ya mwakilishi wadi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wananchi wa wadi yangu Jumamosi iliyopita, kwenye uwanja wa zahanati. Wengi walio mjini wameniuliza nilichosema hasa, kwa sababu video iliyozunguka ilikatwa pale mama mmoja aliponipigia kelele. Nimeyaandika karibu yote. Majina ya watu na ya vyama nimeyaacha nje, na mkijibu hapa chini fanyeni hivyo hivyo.

Wazee wetu, akina mama, vijana, habari zenu? Najua mmekaa kwenye baridi tangu saa tatu, na mimi nimefika saa nne na nusu. Naomba msamaha. Gari lilikwama pale kwa mto, na kabla hamjacheka, najua mtasema ni barabara yangu. Nitaifikia.

Nianze na hii baridi. Sisi wa miteremko ya Aberdare hatuhitaji mtu wa redio atuambie Julai imefika. Mawingu yanakaa wiki nzima, nguo hazikauki, na ule umande wa kuganda ukishuka usiku mmoja, asubuhi viazi vimekuwa vyeusi kama vimechomwa. Watu wa Nairobi wakivaa sweta wanapiga picha. Huku baridi ni bili. Unanunua makaa zaidi, mtoto anakohoa, stima inaisha haraka, na shamba limekugeuka.

Nimepokea simu nyingi mwezi huu, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mheshimiwa, serikali yako inafanya nini kuhusu bei? Nataka nijibu bila kuzungusha, ingawa jibu lenyewe halitanipatia kura.

Bei ya mafuta taa, petroli na dizeli haipangwi na kaunti. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya nishati kule Nairobi inatangaza bei za juu kabisa, na zinaanza kutumika tarehe 15. Ndani ya bei hiyo mna kodi. Mwaka wa 2023 kodi ya thamani kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Taifa. Mafuta taa nayo yaliwekewa ada ya shilingi 18 kwa lita mwaka wa 2018. Sababu iliyotolewa ni kwamba kuna wafanyabiashara waliokuwa wanachanganya mafuta taa na dizeli kwa vile mafuta taa yalikuwa rahisi. Labda ilikuwa kweli. Lakini nyanya yangu hakuwa na lori la dizeli. Alikuwa na koroboi na stovu moja, na aliilipa hiyo ada sawa na huyo tapeli.

Gesi ni hadithi nyingine. Mwaka huo huo wa 2023 kodi ya thamani kwenye gesi ya kupikia iliondolewa. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kusimama kwenye mkutano aseme serikali imepandisha mafuta, na mwingine asimame aseme imeshusha gesi, na wote wawili wasiwe waongo. Ila jueni hili: bei ya gesi haitangazwi tarehe 14. Hakuna kiwango cha juu. Muuza gesi wa hapa anaongeza gharama ya kuupandisha mtungi mpaka huku, na ukipiga hesabu unakuta wa barabara ya lami analipa kidogo kuliko wewe wa kule ndani. Hapo sasa mimi naingia, kwa sababu barabara ya ndani ni ya kaunti.

Kuna mtu amesoma Katiba ataniambia Jedwali la Nne linataja usambazaji wa umeme na gesi kama kazi ya kaunti. Ni kweli, limo. Lakini kutandaza nyaya ni jambo moja na kupanga bei ya uniti ni jambo lingine, na hiyo ya bei hatuna.

Kuhusu stima, niwape kitu cha kutumia nyumbani. Tangu Aprili 2023 bei ya nafuu ni ya nyumba inayotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi. Zamani kiwango kilikuwa 100. Ukipita 30 unaingia daraja la pili, ukipita 100 unaingia la tatu, na wanaangalia wastani wa miezi mitatu, si siku moja. Kwa hivyo ukitumia ile hita ya bafuni Juni, Julai na Agosti, unaweza kushangaa Septemba mbona shilingi 200 inaleta uniti chache, na hita ulishaizima. Hujaibiwa. Umebadilishwa daraja. Kama nyumba yenu inazunguka kwenye 30, chemsheni maji kwa njia nyingine mkiweza.

Na hapo kwa njia nyingine naomba mnisikilize vizuri, hasa vijana mnaokodi chumba kimoja. Jiko la makaa lisilale ndani na nyinyi. Hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, haina rangi, haikuamshi. Mwaka jana tulizika watu kutoka nyumba moja hapa, na wengi wenu mlikuwa kwenye mazishi hayo. Dirisha lilikuwa limezibwa na gunia ili baridi isiingie. Sitasema zaidi kwa sababu familia iko hapa. Pikeni, ota moto, kisha mtoe jiko nje. Baridi ya usiku mmoja mtaamka nayo.

Sasa mambo yangu.

Wakati wa kampeni nilisema kila nyumba yenye mzee wa zaidi ya miaka sabini itapata blanketi na mtungi wa gesi. Mlipiga makofi. Nilisema hivyo kwa sababu sikujua kazi niliyokuwa naomba, na ninasema hili mbele yenu kwa aibu. Mwakilishi wadi hana akaunti ya wadi. Kazi yangu ni kuwawakilisha, kutunga sheria za kaunti na kuangalia jinsi serikali ya kaunti inavyotumia pesa. Anayenunua, anayejenga na anayelipa mwanakandarasi ni upande wa gavana. Nikianza kushika pesa za blanketi kwa mkono huu, nani ataniangalia mimi? Nitakuwa mchezaji na refa.

Blanketi zile chache nilizogawa Desemba zilitoka mshahara wangu. Hazikutosha, na kuna waliosema niliwapa watu wa ukoo wangu kwanza. Nimeangalia orodha upya. Kati ya kumi na nane, saba ni watu wa upande wetu. Sikukusudia, lakini nilianza na nyumba ninazozijua, na nyumba ninazozijua ni za jamaa. Huo ndio ubaya wa kufanya kazi ya umma kwa mfuko wa mtu mmoja.

Mama aliyeuliza kuhusu zahanati, mnaona sijasahau. Nasema yote.

Chumba cha kujifungulia kilimalizwa mwaka uliopita. Kina rangi, kina mlango, kina bamba lenye jina la aliyekifungua. Hakina hita, hakina maji ya moto, na stima ikipotea nesi anatumia tochi ya simu. Mtoto anayezaliwa huku mwezi wa saba anahitaji joto dakika ile ile anapotoka. Nesi huwa anamweka mtoto kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi na kuwafunika wote wawili, na ni njia nzuri, inafundishwa. Lakini mama anayetetemeka ana joto gani la kumpa mtoto?

Pesa za kumalizia zile za vifaa zilikuwa kwenye makadirio ya bajeti. Zilihamishwa kwenye bajeti ya nyongeza zikaenda kwa barabara, ile ya kutoka sokoni mpaka kwa mto. Na mimi nilipiga kura ya ndiyo.

(Hapa ndipo video inaanza. Mama alisema, "Kumbe ni wewe!" Watu wakaanza kuongea wote. Nilingoja wakanyamaza.)

Ndiyo, ni mimi. Niwaeleze nilivyofikiri, halafu mniambie kama nilikosea. Mwezi ule wanunuzi wa viazi walikuwa wamekataa kuingia na malori. Gunia lilikuwa linaozea shambani. Mlikuja kwangu ofisini, watu arobaini na zaidi, mkasema barabara kwanza, mengine baadaye. Hakuna aliyetaja zahanati siku hiyo. Waliokuja walikuwa wanaume karibu wote. Mama mjamzito hakuja, alikuwa nyumbani. Nikahesabu sauti nilizozisikia, sikuhesabu zile ambazo hazikuwepo. Barabara ilimwagwa changarawe, mvua ya Aprili ikaiosha, na leo gari langu limekwama hapo hapo. Kwa hivyo tumekosa vyote viwili.

Nimemwandikia afisa wa afya wa kaunti nikiomba hita mbili na taa ya betri ya sola kutoka kwa pesa zilizopo sasa. Sijajibiwa. Nimeweka pia swali rasmi bungeni, ambalo kamati ya afya inapaswa kulijibu kwa maandishi. Jibu likija litabandikwa kwa mlango wa zahanati, liwe zuri au baya.

Mulika mwizi ya soko nayo imezima, sio taa iliyoungua, ni bili ya stima ambayo kaunti haijalipa. Nimeambiwa italipwa pesa za mgao zikifika kutoka Hazina. Mgao huchelewa, hiyo mnaijua. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini haisemi zipate Jumatatu. Mpaka hapo akina mama wa mboga wafunge saa kumi na mbili, na nimeomba chifu aongee na polisi kuhusu doria, maana polisi nao si wa kaunti.

Bursari naipita haraka. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Sisi tuna chekechea na vyuo vya ufundi. Kaunti inaweza kusaidia sekondari ikiwa kuna makubaliano kati ya serikali hizi mbili, na hapo ndipo mvutano wote mnaousikia ulipo. Fomu zikitoka mtazipata kwa ofisi ya wadi, bure. Ukiuzwa fomu, nipigie.

Matibabu. Jisajilini na bima mpya ya afya kama hamjafanya. Ukiwa umesajiliwa, huduma za kwanza kwa zahanati na kituo cha afya zinalipiwa na hazina ya afya ya msingi, hata kama hujalipa mchango. Mchango ni wa kulazwa hospitali kubwa. Kwa asiye na mshahara hupimwa kulingana na hali ya nyumba, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na wanataka mwaka mzima kwa mkupuo. Najua 3,600 kwa mara moja mwezi wa viazi kuungua ni nyingi. Lakini mtoto akipata nimonia hautakuwa na muda wa kutafuta. Vikundi vya akina mama ambavyo huchangiana, fikirieni kulipiana kwa zamu kama mnavyonunuliana sufuria. Wahudumu wa afya ya jamii wako hapa, wale wenye shati la bluu, watawasajili mkitoka.

Jambo la mwisho ndilo nililowaitia. Mwaka wa fedha umeanza Julai 1. Kufikia Septemba 1 serikali ya kaunti lazima ilete bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kitu kisipokuwa kwenye mpango huo, Aprili bajeti ikiletwa utakuwa unapiga kelele kwa gari lililokwisha ondoka. Watu wengi hujitokeza Juni, siku ya kusoma bajeti, wakiwa na mabango. Wakati huo mimi mwenyewe nina kidogo sana cha kubadilisha.

Kwa hivyo kikao cha wadi cha kukusanya maoni kitakuwa hapa hapa, Jumamosi mbili zijazo, na nimeomba kianze saa nane mchana, si saa tatu asubuhi, ili aliyekamua na kupeleka maziwa awe amerudi. Nataka karatasi mbili. Moja ya barabara, moja ya zahanati, na kila mtu atie sahihi kwa anayoitaka iwe ya kwanza. Mama mjamzito asiyeweza kutembea, mhudumu wa afya atampelekea nyumbani. Karatasi hizo zitapigwa picha mbele yenu kabla sijaziondoa hapa, ili nikipiga kura kinyume mwaka ujao muwe na kitu cha kunionyesha.

Sasa maswali. Tuanze na huyo mama. Mpeni kipaza sauti, na tafadhali asikatizwe.