Adhabu kali tunayo tayari

Wengi mmekosa mjadala wa jana, kwa hivyo nayaweka hapa niliyosema kwa zile dakika chache nilizopewa.

Ndugu zangu, kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani atangaze kwamba vijana wa panga watamalizwa kwa adhabu kali. Makofi! Na nawaelewa mnaopiga. Ukishawekewa panga shingoni kwa sababu ya simu, hutaki mtu akuletee habari za saikolojia.

Lakini wizi wa mabavu hapa Kenya, kifungu cha 296(2), adhabu yake ni kifo. Mtu wa mwisho kunyongwa ilikuwa 1987. Mwaka 2009 zaidi ya wafungwa 4,000 walibadilishiwa hukumu hiyo ikawa kifungo cha maisha. Sasa ukali zaidi ya kifo utatoka wapi? Na Kisauni panga zingalipo. Kijana akiwa na kundi lake hapigi hesabu ya miaka ya jela. Anawaza kama atashikwa leo, na wenzake watamwonaje akirudi nyuma.

Sikieni ya Monrovia, Liberia. Watafiti walichukua wanaume 999, wengi wakiishi kwa wizi na kuuza dawa za kulevya. Kwa bahati nasibu, wengine walipata wiki nane za vikao: kutuliza hasira, kupanga ya kesho, hata kunyoa na kuvaa vizuri. Waliowaongoza walikuwa watu waliopitia maisha hayohayo. Wengine walipewa dola 200. Wengine vyote viwili, wengine patupu.

Pesa peke yake haikudumu. (Na hapana, hawakuimalizia kwa ulevi, najua mlikuwa mnangoja hiyo.) Vikao peke yake, baada ya mwaka nguvu yake ilikuwa imefifia. Waliopata vyote viwili, uhalifu wao ulishuka karibu nusu, na miaka kumi baadaye tofauti bado ilionekana.

Jamaa mmoja aliniuliza, "Kwa hivyo tuwabembeleze wezi?" Hapana. Aliyekata mtu afungwe. Ila wengi wao watatoka, na watarudi mtaa uleule.

Mgombea akija kwenu na adhabu kali, muulizeni afisa wa probesheni wa hapo ana vijana wangapi mkononi, na ni pesa gani ametenga za mshauri wa saikolojia gerezani. Mkipata jibu, liwekeni hapa chini.