Huruma ya Mpakani Iwe Haki

Kwa miaka mingi, mtu aliyesimama katika mpaka wa Busia, pale Uganda na Kenya zinapokutana, aliweza kuona jambo lisiloandikwa katika kanuni za forodha. Walemavu, wengi wao waliopooza miguu kwa ugonjwa wa polio tangu utotoni, walivuka mpaka juu ya baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Baiskeli hizo zilisheheni bidhaa za dukani, na mara nyingi kijana mwenye nguvu alisukuma kwa nyuma. Maofisa wa forodha waliwatazama, wakawaacha wapite bila kuwapekua wala kuwatoza ushuru. Haikuwa sheria, bali ubinadamu wa mtu aliyevaa sare.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Watu ambao katika miji mingine wangeketi kando ya barabara wakinyoosha mikono, Busia walikuwa wafanyabiashara. Walijenga nyumba, wakaoa na kuolewa, wakasomesha watoto, wakaunda na chama chao. Ushuru ambao serikali iliukosa kwao ulikuwa kidogo sana ukilinganishwa na mzigo ambao jamii ingeubeba kama watu hao wangebaki tegemezi. Wanaodai kwamba huruma na uchumi ni mambo mawili yasiyopatana yafaa waende Busia wakajifunze.

Hata hivyo, huruma ya namna hiyo ina kasoro moja kubwa. Humtegemea mtu. Ofisa mwema akihamishwa, wema wake nao huhamishwa pamoja na sanduku lake, na yule anayekuja huweza kuanza kazi kwa kupekua baiskeli. Tena, wenye mali hawakukawia kuuona upenyo huo. Waliwakodi walemavu wawavushie bidhaa zao, na forodha ilipokaza ukaguzi, aliyekamatwa na mzigo alikuwa mwenye baiskeli, wala si tajiri aliyekuwa akingoja dukani. Ndiyo maana kazi ya uongozi haiwezi kuishia katika kuwasifu maofisa wenye moyo mwema. Kazi yake ni kuuchukua wema huo na kuugeuza kuwa haki ambayo mwananchi anaweza kuidai hata siku ambayo ofisa wa zamu ameamka vibaya.

Yafaa ikumbukwe kwamba mpaka huu wenyewe uliwekwa bila kuwauliza wenyeji. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia wakajikuta pande zote mbili, na Wateso hali kadhalika, kutoka Tororo hadi Busia ya Kenya. Kwa mama wa vijiji hivyo anayebeba maharage, ndizi au dagaa wa ziwani, kwenda sokoni ng'ambo ni kwenda kwa shangazi. Siasa ilipoharibika, na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mama huyo hakuacha kula. Aliendelea kupita njia za panya, na safari yake ya jana ikaitwa magendo.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa Mkataba uliotiwa saini mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na mkataba huo unataja miongoni mwa misingi yake kwamba ushirikiano umlenge mwananchi. Zipo hatua zilizochukuliwa kulitimiza neno hilo. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi pale pale mpakani, na hatozwi ushuru wa forodha. Mwezi Februari 2018 marais wa Uganda na Kenya walifungua kituo cha pamoja cha Busia, ambacho msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, badala ya kupanga foleni mbili. Hapo ndipo huruma ilipoanza kuandikwa.

Lakini kipimo cha jambo ni siku ya dhiki. Ulipoingia ugonjwa wa korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri mwezi Machi 2020. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, ingawa foleni za Busia na Malaba zilirefuka kwa kilomita nyingi na madereva walilala barabarani wakingoja majibu ya vipimo. Mama wa kikapu hakuruhusiwa. Hakuna anayebisha kwamba ugonjwa ulipaswa kuzuiwa. Linaloulizwa ni kwa nini uchumi uliookolewa ulikuwa wa magurudumu kumi na manane tu, na ule wa kichwani ukasahauliwa. Baadhi ya wanawake walijitafutia njia wenyewe. Walikusanya mizigo yao pamoja, wakaipakia katika gari moja lenye kibali. Serikali ingeweza kuwaza hilo mapema kuliko wao.

Mwaka uliofuata lilikuja la mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Sababu hiyo haikuwa ya mzaha, kwani mwaka 2004 sumu hiyo iliua Wakenya zaidi ya 100, na ustawi wa mlaji ni ustawi pia. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba mahindi yako chini ya kiwango cha hatari. Mwenye lori hugawa gharama ya cheti hicho juu ya magunia mamia, lakini mwenye magunia mawili hana pa kuigawa. Basi hurudi katika njia ya panya na mahindi yasiyopimwa, na mlaji aliyekusudiwa kulindwa huyala hayo hayo.

Mwaka 2019 New Zealand ilitoa bajeti iliyoitwa ya ustawi, na dunia ikaizungumza sana. Busia haihitaji bajeti ya jina kubwa. Inahitaji fomu zilizoandikwa kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso, dirisha ambalo mwenye baiskeli ya mikono anaweza kulifikia bila kushuka, na kipimo cha sumukuvu kilichowekwa sokoni kwa gharama ya nchi zote mbili. Mafundi wa kuvifanya hivyo wapo. Aliyebaki kutajwa ni waziri wa upande gani atakayetangulia kumlipia mwenye magunia mawili.