Njia Nzuri Humtoa Mzee Nyumbani

(Maelezo ya mhamasishaji wa jamii katika mkutano wa kijiji)

 

Leo tuzungumze juu ya njia za kambi yetu, na juu ya wazee ambao siku hizi hatuwaoni njiani. Aliyeingia hapa Nyarugusu mwaka 1996 akiwa na miaka 40, leo ni mzee wa karibu miaka 70. Ukiuliza mbona haonekani, utajibiwa: "Amezeeka, mwacheni apumzike." Mara nyingi kinachomzuia si uzee peke yake, ni njia.

Hebu tufuate safari ya mzee kutoka mlangoni kwake hadi bombani. Kwanza kuna shimo la udongo wa matofali lililoachwa wazi. Halafu mfereji wa maji ya mvua, na juu yake gogo moja la mviringo. Mbele, jirani ameongeza jiko mpaka uchochoro umebaki upana wa mtu mmoja. Hakuna kivuli wala mahali pa kukaa. Kijana ataruka na kupita. Mzee mwenye mkongojo atafika kwenye gogo, atarudi nyumbani, na kesho hatajaribu tena.

Kukaa tu kuna hasara. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti juu ya wazee wenye afya nzuri waliolala kitandani siku 10. Kwa siku hizo chache miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Miguu ikikosa nguvu, mzee huanguka kwa urahisi. Basi yule anayekaa ndani kwa kuogopa kuanguka, ndiye atakayeanguka usiku akienda chooni.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu wa miaka 65 na zaidi autumikishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Hazihitaji uwanja wa michezo. Kwenda kanisani au msikitini, kwenda sokoni, kumsalimia jirani, kupalilia bustani, yote yanahesabiwa. Lakini lazima njia ipitike.

Mwaka 2007 shirika hilohilo lilitoa mwongozo baada ya kuwasikiliza wazee katika miji 33, Nairobi ukiwemo. Wazee walitaja mambo ya kawaida: njia iliyo sawa, mahali pa kupumzika, vyoo vya karibu, usalama. Kambini pia kuna vipimo. Viwango vya Sphere vya mwaka 2018, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinasema bomba lisiwe mbali kuliko mita 500 na choo cha pamoja kisizidi mita 50. Mita 500 kwa kijana ni dakika 6 au 7. Kwa mzee wa mkongojo ni robo saa na zaidi, na akikosa pa kukaa katikati huenda asifike.

Kuna anayesema: "Mimi namheshimu mama, simwachi atoke, namletea kila kitu." Ni vema kumchotea maji, maana ndoo ya lita 20 si mzigo wa bibi. Beba ndoo wewe, lakini mwache mama atembee pamoja nawe.

Mambo haya tunayaweza wenyewe kwa salongo, au msaragambo kama wanavyosema wenyeji:

1. Kila klasta ichague njia moja. Tembeeni na wazee, wawaonyeshe wanapokwama.

2. Fukieni mashimo ya matofali yaliyo kando ya njia.

3. Kwenye mfereji mdogo wekeni kivuko kipana na kilicho bapa, chenye mahali pa kushika.

4. Jengeni kiti cha matofali kivulini, kimo cha goti, ili mzee asipate taabu kuinuka.

5. Usisogeze jiko wala ua wako njiani.

Bomba lililo mbali, choo kibovu au mfereji mkubwa, kiongozi wa kijiji aandike na kupeleka kwa shirika linalohusika. Ataje ni wazee wangapi wanaoshindwa kupita, maana idadi husaidia ombi kusikilizwa. Mzee aliyeanguka karibuni au mwenye maumivu ya kifua aende zahanati kwanza, kabla ya kuanza matembezi.

Nanyi wazee wetu, msinyamaze. Sisi vijana tunaruka mfereji bila kuuona. Mkituonyesha, tutatengeneza.